Sura ya Nne: Baba Yako Anafanya Kazi Gani?

Swali liliulizwa mezani, saa moja jioni, mbele ya mkate mweusi, jibini na vipande vya tango. Mama mwenye nyumba hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amempokea kijana wa kidato cha tatu kutoka Mbagala, Dar es Salaam, amemwonyesha chumba chake, amemuuliza kama anasikia baridi, na sasa anatafuta la kuzungumza kwa Kiingereza ambacho hakikuwa lugha yake wala ya mgeni wake. Baba yako anafanya kazi gani?

"Biashara."

"Biashara ya nini?"

Kijana akanyamaza. Kesho yake asubuhi, tukisubiri treni, alinisimulia kisa hicho huku anacheka, ila kilikuwa kicheko cha mtu aliyeumbuka. "Mwalimu, nimeishi na mzee miaka kumi na sita. Nilikosa cha kumjibu yule mama."

Nikamwambia asijali. Lakini siku nzima swali lile lilinifuata mimi pia, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma majibu ya aina hiyo kwa miaka. Kila Januari hupitisha karatasi darasani wanafunzi wajaze kazi ya mzazi, na karatasi hurudi zimejaa maneno yanayofunika kuliko yanavyofunua. Mfanyabiashara. Mjasiriamali. Mtumishi. Yuko bandarini. Wengine huandika lugha ya mtaani bila hofu: anahangaika. Baba anatoka alfajiri na daladala ya kwanza, anarudi watoto wamelala, na katikati hapo kuna saa kumi na nne ambazo mtoto hazijui. Tunamlisha kwa kazi hiyo, tunamlipia ada kwa kazi hiyo, halafu tunamtaka achague kazi yake mwenyewe bila kuwahi kuiona hata moja kwa karibu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kubadilishana wanafunzi. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu 2010. Mwanza na Würzburg walitangulia mbali, mwaka 1966. Chini ya udugu wa miji hiyo kumeota udugu wa shule. Kundi letu huenda kwao na kulala majumbani mwa wanafunzi wenzao, kisha kundi lao huja kwetu na kulala kwetu, Mbagala, Tandika, Yombo, popote penye godoro la ziada na mzazi asiyeogopa wageni. Wanaoomba fedha za safari hizi hutakiwa kuandika mada watakayoishughulikia pamoja. Shule nyingi huandika mazingira, wengine huandika michezo. Sisi tuliandika kazi.

Niliichagua mada hiyo kwa sababu ya fomu moja. Mwanafunzi wa Tanzania akikaribia mtihani wa kidato cha nne hujaza Selform, na ndani yake anataja tahasusi anazotaka kidato cha tano, au vyuo. Zamani orodha ilikuwa fupi. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kuwa tahasusi zimeongezwa kutoka 16 hadi 65, zikiwemo za lugha, dini, sanaa na michezo. Ni jambo jema, na bado nakumbuka nyuso za wanafunzi wangu walipoiona orodha ile mpya: nyuso za mtu aliyezoea kuchagua kati ya wali na ugali, akaletewa menyu ya kurasa nne katika hoteli asiyojua inapika nini. Maana kichwani mwao kazi zilizopo duniani hazikuzidi sita: daktari, mwanasheria, mhandisi, rubani, mhasibu, na mwalimu, ambaye hutajwa mwisho kwa sauti ya chini nikiwepo.

Tatizo hili si la leo wala si la kwetu peke yetu. Mtu anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa ushauri wa kazi, Frank Parsons, alifungua ofisi yake Boston mwaka 1908, katika mtaa uliojaa vijana wa wahamiaji waliokuwa wakiingia kazi yoyote iliyowafungulia mlango. Yeye mwenyewe alikuwa amesomea uhandisi, akafanya kibarua katika kiwanda cha chuma, akafundisha shule, akawa wakili. Alifariki mwaka huohuo, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Mafundisho yake yanabebeka kiganjani: mtu ajijue, azijue kazi, kisha apime kwa akili jinsi hayo mawili yanavyokutana. Zaidi ya karne moja baadaye shule zetu zinajitahidi kiasi katika lile la kwanza. Tuna maswali ya vipaji, tuna semina za kujitambua, tuna wazungumzaji wa kuhamasisha wenye suti na vipaza sauti. La pili, la kuzijua kazi, tunalifanya kwa siku moja ya taaluma, ambapo daktari husimama mbele ya ukumbi na kueleza umuhimu wa kusoma kwa bidii. Udaktari wenyewe hauonekani hapo. Anayeonekana ni mtu nadhifu.

Wajerumani wana desturi tofauti, nayo ndiyo iliyotupeleka. Mwanafunzi wa darasa la tisa au la kumi hutolewa shuleni kwa wiki mbili au tatu akakae kazini. Wanaiita Praktikum. Nafasi anaitafuta mwenyewe. Anaandika barua, anapiga simu, anakataliwa, anajaribu pengine. Halipwi. Akiwa huko anaandika kumbukumbu ya kila siku, nini kilifanyika saa ngapi na kwa zana gani, na mwalimu wake hupita kumtembelea kazini. Mwisho anakabidhi ripoti. Kwa mtazamo wetu hili linaweza kuonekana kama kupoteza wiki tatu za mtaala. Wao wanaliona kuwa mtaala.

Nyuma ya desturi hiyo kuna mfumo mzima. Ujerumani ina zaidi ya fani 320 zinazotambuliwa kisheria ambazo kijana hujifunza kwa uanagenzi: siku tatu au nne za wiki yuko kazini na mkataba na posho, moja au mbili yuko chuoni. Sheria huingia hadi katika saa za kuamka. Mwanagenzi wa mkate aliyefikisha miaka 16 haruhusiwi kuanza kazi kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Akifikisha 17 anaweza kuanza saa kumi. Na anayetaka kugusa chakula cha kuuza, hata kwa wiki mbili tu za Praktikum, lazima kwanza apate maelekezo ya afya na hati ya kuyathibitisha. Binti mmoja mwenyeji alituonyesha hati yake kwa fahari kama mtu anayeonyesha leseni ya udereva. Alikuwa na miaka 15 na alikuwa anakwenda kupanga maandazi kwenye trei.

Si wao tu. Finland wamefanya ushauri wa masomo na kazi kuwa somo lenye vipindi vyake kwenye ratiba, na wanafunzi wao pia hutumwa kazini wangali katika elimu ya msingi. Ireland tangu 1974 wana mwaka mzima wa mpito katikati ya sekondari ambao shule huutumia kwa mambo ya namna hii. Lakini mimi nilikwenda Hamburg, kwa hiyo nizungumzie Hamburg.

Tuliomba ziara yetu iangukie wiki za Praktikum, na mgeni amfuate mwenyeji wake kazini kwa siku tatu. Waajiri wengi walikubali kwa sharti moja, kwamba mgeni atatazama na hatashika mashine. Nilihofia wanafunzi wangu watachoshwa. Nilisahau kwamba wamelelewa katika nyumba ambamo mtoto hufundishwa kukaa kimya na kutazama wakubwa. Katika hilo walikuwa mabingwa.

Binti wa Tandika alimfuata mwenyeji wake hadi karakana ya viungo bandia. Jioni ile alirudi hana habari nyingine. Alinieleza jinsi fundi alivyokizungushia kigutu cha mguu bandeji ya plasta, akasubiri ikauke, akaivua, akamimina plasta nyingine ndani yake, hadi akapata sanamu kamili ya kigutu kile. Halafu tupa ikaanza kazi: huku kunapunguzwa kwa sababu nyama inastahimili kubanwa, kule kunaongezwa kwa sababu mfupa uko karibu na ngozi. Juu ya sanamu hiyo ndipo kikombe cha mguu bandia kinapotengenezwa. Mzee mwenye mguu akasimama kati ya vyuma viwili, akatembea, na fundi akapiga magoti sakafuni akamtazama nyayo. "Mwalimu, anatumia fizikia," binti aliniambia, kama mtu aliyemkuta jirani yake mkorofi akisaidia kusukuma mkokoteni. "Ile ya nguvu na mizania, kabisa. Na baiolojia. Na mikono kama fundi seremala."

Siku ya tatu fundi yule alimuuliza anatoka wapi. Aliposikia Tanzania akamwambia: basi kwa nini unatazama huku, wakati Moshi kuna chuo?

Chuo kipo kweli. Kinaitwa TATCOT, kiko ndani ya eneo la hospitali ya KCMC, kilianzishwa 1981 kwa ushirikiano na Wajerumani, na hufundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo kwa wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Binti hakuwahi kukisikia. Hilo si ajabu. Mimi, mwalimu wa ushauri nasaha wa shule yake, ambaye kazi yangu ni kujua mambo kama hayo, sikuwahi kukisikia pia. Nililala usiku ule nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Tulikuwa tumeomba viza, tumekatisha bara zima kwa ndege, tumevaa makoti ya kuazima, ili tuelekezwe Moshi, mahali ambapo basi la asubuhi kutoka Dar linafika kabla ya jua kuzama.

Tangu hapo nimewaza sana kwa nini kitu hicho kilionekana kule na si hapa. Sehemu ya jibu ni kwamba mgeni ana ruhusa ya kuuliza upumbavu. Mtoto wa Dar akimsimamia fundi wa Gerezani na kumuuliza hiki ni nini na kile ni cha nini, atafukuzwa kama mzururaji, au ataulizwa ametumwa na nani. Mgeni hujibiwa. Na mgeni mwenyewe hajui kipi ni cha kawaida, kwa hiyo hakuna kinachompita. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tumeuchukua usemi huo kwa maana ya pilau linalopikwa wageni wakija. Nadhani una maana nyingine pia, na nitaifikia.

Kabla ya hapo niseme kwamba safari hizi huharibika kirahisi mno. Nimeona ratiba za kubadilishana ambazo hazina tofauti na za watalii: makumbusho asubuhi, boti mchana, maduka jioni, na picha mbele ya kila jengo refu. Hamburg ina vya kupumbaza vya kutosha. Kuna maonyesho ya treni ndogo za mfano pale kwenye maghala ya zamani ya Speicherstadt ambayo yangeweza kumeza siku mbili za mtu mzima, nami nakiri yalinimezea nusu siku. Mwanafunzi akirudi na picha hizo, anachokuwa amejifunza kuhusu kazi ni kwamba Ulaya ni kuzuri na afanye kila njia arudi. Huo ni ushauri wa kazi, ila ni mbaya.

Lingine ni nani anayekwenda. Shule ikiachiwa ichague itapeleka wa kwanza hadi wa kumi na mbili darasani, watoto ambao tayari kila mtu ameshawaamulia kuwa watakuwa madaktari. Katika kundi letu tulichukua pia waliokuwa katikati na chini, wenye maswali mengi kuliko alama. Wazazi kadhaa walinijia juu. Mmoja aliniuliza kwa upole uliokata kuliko kelele: mwalimu, unampeleka Ujerumani mtoto wa ishirini na nane?

Yule wa ishirini na nane ndiye kijana wa Mbagala.

Mwenyeji wake alikuwa katika kampuni ya kusafirisha mizigo, ghorofa ya tatu, ofisi yenye mimea na kompyuta. Hamburg ni bandari kubwa ajabu kwa mji ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini. Meli hupanda mto Elbe hadi mjini. Na ni bandari yenye ujirani wa kale na pwani yetu. Wafanyabiashara wake, akina O'Swald, walifungua nyumba ya biashara Zanzibar mwaka 1849, wakichukua kauri, zile kombe ndogo zilizotumika kama fedha Afrika Magharibi, na miaka kumi baadaye miji ya Hansa, Hamburg ikiwemo, ikatia saini mkataba na Sultani. Niliwaeleza wanafunzi haya tukiwa kwenye maghala yale, na wengi walikuwa wanatazama treni.

Kijana wa Mbagala alitarajia kuchoka. Ofisini mle alikuwamo mwanagenzi wa mwaka wa pili, msichana wa miaka kumi na tisa, anayesomea uwakala wa usafirishaji wa mizigo, fani ya miaka mitatu. Akamwekea mgeni karatasi mezani, moja baada ya nyingine. Hii ni hati ya shehena, inasema mzigo ni wa nani na umepakiwa wapi. Hii ni ankara. Hili ni tamko la forodha. Karatasi hizi zisipokubaliana hata kwa tarakimu moja, kontena halitoki, na kila siku linapolala bandarini mtu analipa.

Kijana alizijua karatasi zile. Hakujua zinasema nini, lakini alizijua kwa sura. Zilikuwa nyumbani, Mbagala, ndani ya faili la plastiki la bluu juu ya kabati, ambalo watoto wote wa nyumba ile walikatazwa kuligusa tangu mdogo wao alipochora ng'ombe nyuma ya moja. Alinipigia simu mchana uleule, jambo tulilokubaliana lifanywe kwa dharura tu. "Mwalimu," alisema, "nimeiona kazi ya mzee."

Sikumwambia kitu cha maana. Nadhani nilimuuliza kama amekula.

Wageni wetu walikuja Agosti ya mwaka uliofuata. Tulijifunza kutokana na makosa yetu, tukaweka siku nne za kazi na siku moja tu ya ufukweni. Soko la Feri saa kumi na mbili asubuhi, kwenye mnada wa samaki, ambako mgeni mmoja aliuliza kwa nini dalali anaongea haraka hivyo, na wenyeji wake wakagundua kwamba hawajui, wakaenda kumuuliza. Karakana za samani za Keko, ambako fundi aliyefanya kazi miaka ishirini bila cheti alitueleza jinsi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inavyopima na kurasimisha ujuzi wa watu kama yeye, na wanafunzi wangu ndio waliokuwa wakiandika, si wageni. Hii ndiyo maana nyingine ya usemi ule wa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kutafsiri kunamlazimisha mtu aelewe. Huwezi kumfasiria Mjerumani neno "mishemishe" kabla hujajiuliza mwenyewe lina nini ndani yake.

Binti wa Tandika wakati huo alikuwa kidato cha nne. Selform yake niliiona: alikuwa ameandika PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, kama wenzake wengi, na tahasusi hiyohiyo ambayo wenzake waliiandikia udaktari yeye aliiandika akiwa na chuo cha Moshi kichwani na namba ya simu ya ofisi ya udahili kwenye daftari. Alikuwa amepiga mwenyewe.

Usiku wa mwisho nilialikwa Mbagala. Mkeka ulitandikwa nje kwa sababu ya joto, chakula kikaliwa, na yule kijana wa Kijerumani, aliyeshatufundisha sote kwamba watu wake huuliza bila kuzunguka, akamgeukia mwenye nyumba na kumuuliza kwa Kiswahili cha kukariri: "Baba, unafanya kazi gani?"

Mzee akacheka. "Mwambie natoa mizigo bandarini." Kisha, pengine kwa kuwa aliona watu wamenyamaza wanasubiri, akamtuma mtoto alete lile faili la bluu. Akazitandaza karatasi kwenye mkeka, akaweka tochi ya simu juu yake, akaanza kueleza. Mzigo wa Lubumbashi huu. Huu wa Kitwe. Hapa kuna storeji, hapa demareji, watu huzichanganya lakini hii ya bandari na ile ya mwenye kontena. Mwanawe alitafsiri, akakwama, akauliza, akaendelea.

Mgeni akauliza ilimchukua muda gani kujifunza yote haya.

Mzee akahesabu kwa vidole. Miaka mitatu, alisema, akitembea nyuma ya mjomba wake na kumbebea karatasi, ndipo akaruhusiwa kusimama dirishani peke yake.

Kijana hakutafsiri. Alikuwa anamtazama baba yake.

"Mjomba yupi?" akauliza.